Mizani ya Fikra

Mizani ya fikra ni uwezo wa mtu, au wa jamii, kutambua aina ya wazo lililomjia na kulipa nafasi inayolistahili kabla ya kulifuata. Ipo fikra ya papo kwa papo, izaliwayo na mazoea; ipo fikra ya kupima, inayodai ushahidi na muda; na zipo za tumaini na za hofu, ambazo hufumbua jicho moja na kulifumba la pili. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alizieleza aina mbili za kwanza katika kitabu chake cha 2011, akijenga juu ya utafiti aliouanza na mwanasaikolojia mwenzake Amos Tversky. Wahenga wa Kiswahili nao waliacha methali mbili zinazokaripiana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kuzipatanisha si kugawa nusu kwa nusu. Kila fikra ina mahali inapoaminika, na mahali hapo hujulikana tu kwa kuilinganisha na yanayotokea. Historia ya malaria huko Junju, pwani ya Kenya, inalithibitisha hilo.

Junju ni eneo la vijiji vya Wachonyi na Wamijikenda wengine, kusini mwa hori ya Kilifi. Kwa vizazi vingi mzazi wa pwani hii alipogusa paji la mtoto akalikuta lachemka, wazo la kwanza lilikuwa malaria. Wazo hilo halikuwa la ujinga. Lilikuwa jumla ya mambo yaliyokuwa yamewapata watoto wa kijiji kizima, na hata wataalamu walilifuata: katika sehemu zenye malaria nyingi ilikuwa kawaida kumtibu mtoto mdogo mwenye homa bila kumpima, hadi Shirika la Afya Duniani lilipotaka mwaka 2010 kila mshukiwa apimwe kwanza. Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa umeanza kuhama. Katika hospitali ya Kilifi, watoto waliolazwa kwa malaria walipungua kutoka 18.43 kwa kila watoto 1,000 mwaka 2003 hadi 3.42 mwaka 2007. Ngerenya, kaskazini mwa hori, malaria ilikaribia kutoweka, ilhali Junju iliendelea kuwasumbua watoto. Wazo lile lile likawa la kutegemewa upande mmoja wa maji na la kupotosha upande wa pili. Mzazi wa Ngerenya hakupungukiwa na akili. Mazingira yaliyomfunza ndiyo yaliyobadilika, na mazoea hayana namna ya kujitangazia kwamba yamepitwa na wakati. Gharama yake si ndogo, kwa maana anayetibu malaria isiyokuwepo huenda anaichelewesha tiba ya nimonia iliyopo.

Hata kipimo hakimalizi kazi ya kufikiri. Junju watoto wengi hubeba vimelea vya malaria bila kuugua, kwa hiyo mwenye homa na vimelea huenda homa yake imetoka kwingine. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wa shirika la Wellcome Trust, ambao mpango wao ulianza Kilifi mwaka 1989, waliweka kiwango cha kuhesabia: kwa mtoto aliyevuka mwaka 1, joto la nyuzi 37.5 au zaidi pamoja na vimelea zaidi ya 2,500 katika mikrolita moja ya damu. Mhudumu wa zahanati hasubiri kiwango hicho. Humpa dawa mtoto mgonjwa yeyote aliyepatikana na vimelea, kwa sababu kosa la kuacha ni zito kuliko kosa la kutibu. Watafiti na mhudumu wanafikiri sawasawa, kila upande kwa uzito wa kosa unaloliogopa. Wapo watakaosema kwamba upimaji wa namna hii ni anasa ya wenye nafasi, na kwamba mama aliye peke yake saa nane za usiku hawezi kukaa akilinganisha uwezekano. Ni kweli, wala hapaswi kutakiwa kufanya hivyo. Fikra ya kupima hufanywa mapema na wale wenye muda na vifaa, kisha hugeuzwa kuwa kanuni fupi inayofuatwa kwa haraka: mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe ndani ya saa 24. Hapo wepesi wa mama unakuwa na ushahidi nyuma yake.

Tumaini nalo lina mizani yake. Mwaka 2005 watoto 405 wa Junju walishiriki jaribio la chanjo ya malaria, na chanjo hiyo haikuwakinga. Mwaka 2008 matokeo ya chanjo nyingine, RTS,S, iliyojaribiwa kwa watoto 894 wa Kilifi na Korogwe nchini Tanzania, yalionyesha kinga ya asilimia 53 katika miezi ya mwanzo. Watafiti hawakuishia hapo. Watoto 447 wa upande wa Kilifi walifuatiliwa kwa miaka 7, na ripoti ya 2016 ikasema kwamba kwa muda huo wote kinga ilikuwa asilimia 4.4 tu, na kwamba katika mwaka wa 5 waliochanjwa miongoni mwa walioishi penye maambukizi mengi waliugua hata zaidi ya wenzao. Mtu angedai kwamba hesabu kama hizi huua matumaini na kuwakatisha watu tamaa. Yaliyotokea yanampinga. Jaribio kubwa zaidi, lililohusisha nchi 7 za Afrika, lilionyesha kwamba dozi ya nne huongeza kinga, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa dozi nne. Tumaini lililokubali kupimwa ndilo lililozaa chanjo.

Hofu ndiyo fikra inayodharauliwa upesi zaidi. Uchukuaji wa damu kwa ajili ya utafiti umezua mashaka Kilifi, pamoja na uvumi kwamba damu inauzwa au inatumiwa kwa ushetani. Ni rahisi kuuita uvumi huo ushirikina na kupita. Lakini ukiondoa maneno ya kutisha, ndani yake mnabaki maswali halali: damu hii inakwenda wapi, nani anafaidika, na mbona mtoto mzima naye anatolewa? KEMRI ililazimika kuyajibu kwa kuunda mtandao wa wawakilishi waliochaguliwa na wanajamii. Si kila hofu ina ukweli, lakini hofu inayoulizwa inamaanisha nini hutoa habari, na inayozomewa huenda mafichoni ikakomaa.

Mwaka 2009 Kahneman na mwanasaikolojia Gary Klein, waliokuwa wakitofautiana kwa muda mrefu juu ya fikra ya haraka, walikubaliana kwamba inastahili kuaminiwa pale mambo yanapokuwa na utaratibu na mtu anapopata mapema majibu ya makosa yake. Junju inatufundisha kuongeza jambo moja: nani atakayeumia wazo likikosea. Mwenye takwimu, hadubini na muda asimlaumu mzazi kwa kukata shauri usiku. Wajibu wake ni kumfikishia, mapema na kwa lugha anayoielewa, habari kwamba mambo yamebadilika.