Masafa Yaliyopanda Kitonga: Historia ya Mawimbi ya Redio Ilula

Ilula, mji mdogo wa Wilaya ya Kilolo ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia, unajulikana zaidi kwa nyanya na vitunguu. Lakini kwa kuwa uko juu ya mteremko wa Kitonga, katikati ya vilima vya Uhehe na mbali na mitambo ya pwani, historia yake ya kupata habari imefuata kwa karibu historia ya masafa. Katika fani ya redio, masafa ni idadi ya mara ambazo wimbi hutetema kwa sekunde moja, nayo hupimwa kwa hezi, kipimo kilichopewa jina la Mjerumani Heinrich Hertz, ambaye katika miaka ya 1880 alithibitisha kwa majaribio kwamba mawimbi hayo yapo. Hata hivyo, katika Kiswahili cha kila siku masafa ni umbali, na ndiyo sababu istilahi ya “masafa mafupi” imewatatiza wengi: kilicho kifupi ni wimbi lenyewe, ilhali matangazo yanayobebwa na wimbi hilo ndiyo yafikayo mbali kuliko yote.

Redio ya Tanganyika ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ikawa shirika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawekwa chini ya serikali, ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Tatizo lake la kwanza lilikuwa ukubwa wa nchi. Mawimbi ya masafa ya kati husafiri mchana kwa kuambaa ardhini, ambako milima na udongo mkavu huyapunguzia nguvu, na wakati wa mvua radi huyachafua kwa mikwaruzo, hivyo mtambo mmoja wa pwani usingeweza kuitegemea njia hiyo kuhudumia Nyanda za Juu Kusini. Masafa mafupi yana njia nyingine: wimbi hupaa hadi kwenye tabaka la anga lililojaa chembe zenye umeme, likarudishwa chini mamia ya kilomita kutoka lilikoanzia, bila kujali mlima uliosimama katikati.

Kwa miaka mingi namba iliyobeba sauti ya Radio Tanzania ilikuwa kilohezi 5050, yaani mitetemo 5,050,000 kwa sekunde, katika mita bendi ya 60 ambayo mikataba ya kimataifa iliitengea nchi za joto kwa sababu ya radi zake nyingi. Usikivu wake ulikuwa bora zaidi jioni na alfajiri, jua linapolegea na tabaka la chini la anga likaacha kuyafyonza mawimbi, na msikilizaji alilazimika kuusogeza mshale wa redio kidogo kidogo, pengine akiunga waya kwenye eriali na kuupandisha juu ya mti, hadi sauti itoke kwenye mvumo. Redio nyingi zilikuwa za chapa ya National, kwani kampuni ya Matsushita ya Japani ilifungua kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, kikitengeneza redio pamoja na betri zake. Nazo betri zilipochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya siku moja au mbili zaidi. Kwa vyombo hivyo vidogo kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu takriban milioni 2 nchini kote katika vikundi vya kusikiliza, kujadili na kuchimba vyoo. Ni vigumu kutaja chombo kingine cha wakati ule ambacho kingeweza kufanya kazi hiyo.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliporuhusu vituo binafsi, vituo vipya viliegemea zaidi bendi ya FM, iliyo kati ya megahezi 87.5 na 108, ambapo megahezi moja ni hezi milioni moja. Sauti ikawa safi, muziki ukasikika kama ulivyopigwa, lakini wimbi la FM, lenye urefu wa karibu mita 3, husafiri kwa kunyooka na halirudishwi na anga, kwa hiyo kila bonde huhitaji mnara unaoliona. Dereva apandaye Kitonga hulijua jambo hili vizuri, maana kona moja huleta kituo na kona inayofuata hukipoteza.

Simu za mkononi, zilizoanza nchini mwaka 1994, zimepitia kizuizi kilekile, na ndiyo sababu megahezi 900 zilifaa zaidi vijijini kuliko 1800, kwa kuwa masafa ya chini huenea mbali zaidi kutoka mnara mmoja. Televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, masafa ya kuzunguka megahezi 700 yakabaki wazi, na Oktoba 2022 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ikayanadi kwa kampuni za simu pamoja na bendi za juu zaidi za megahezi 2300, 2600 na 3500.

Kilohezi 5050 ya Dar es Salaam haisikiki tena. Wenye dhamana ya kugawa masafa mapya na waliopewa leseni zake waipime huduma yao mabondeni, nyuma ya vilima vya Kilolo, ambako redio ya betri mbili ilikuwa ikipokea taarifa ya habari ya jioni bila mnara wowote jirani.