Taa ya Nightingale na mifereji ya Scutari

Mwaka 1936 Warner Bros. walitoa The White Angel, Kay Francis akiwa muuguzi Mwingereza Florence Nightingale. Mwaka 1951 ikaja zamu ya Anna Neagle katika The Lady with a Lamp. Kinachobaki kichwani mwa mtazamaji ni mwanamke anayepita wodini usiku, taa mkononi. Picha tamu, lakini haielezi ni nini kilichowaua askari wa Uingereza wa Vita vya Crimea kule Scutari, ng'ambo ya pili ya Istanbul, wala kilichowaokoa wenzao. Nightingale alifika Novemba 1854 na wauguzi 38. Wakafua, wakapika, wakafunga vidonda. Vifo vikazidi kupanda: Februari 1855 walikufa wagonjwa kama 42 katika kila 100 waliolazwa, wengi wao kwa kuhara na homa, si kwa risasi za Warusi. Hospitali yenyewe ilikuwa kambi ya jeshi la Waturuki, na chini yake mifereji ya majitaka ilikuwa imeziba. Machi ikawasili tume ya usafi ya daktari John Sutherland na mhandisi Robert Rawlinson. Ikazibua mifereji, ikaondoa mizoga, ikaingiza hewa wodini. Kufikia Juni vifo vilishuka hadi kama 2 katika kila 100.

Atatokea wa kusema kwamba sinema huhitaji sura ya mtu, na mfereji hauna sura. Tena, bila sifa za taa ile nani angemsikiliza mwanamke mbele ya majenerali? Hoja ya pili naikubali. Sifa hizo ndizo zilizompa nguvu ya kudai tume ya kifalme iliyoundwa mwaka 1857. Ile ya kwanza ndiyo inayonishinda kuikubali, kwa sababu sura ipo, tena ni yake yeye mwenyewe. Baada ya vita alikaa na mtakwimu William Farr wakihesabu maiti, na mwaka 1858 akachapisha michoro yake ya duara: nyekundu kwa waliokufa kwa majeraha, buluu kwa magonjwa yanayozuilika. Buluu iliimeza nyekundu. Mwanahistoria Hugh Small anaamini kwamba ni hesabu hizo zilizomfumbua macho kuhusu hospitali yake mwenyewe. Wenzake wengine wanampinga. Vyovyote iwavyo, mwigizaji hodari angetaka onyesho gani zaidi ya hilo: shujaa wa taifa zima, peke yake mezani, anajumlisha vifo vya wodi alizozisimamia?