Waraka wa Mfungwa na Ngoma ya Isukuti

Hapa Kakamega, ambako msimu wa mashindano ya muziki ukiwadia hakuna shule isiyosikika ikiimba, walimu aghalabu hudhani kwamba utungo wa kitaalamu hauna budi kuanzia kwenye shairi au Zaburi. Lakini Frederic Rzewski, mtunzi wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki Italia mwaka 2021, utungo wake mmoja mashuhuri aliujenga juu ya waraka wa mfungwa.

Mfungwa mwenyewe ni Sam Melville, aliyetiwa gerezani kwa kulipua majengo mjini New York mwaka 1969, na ambaye mwaka 1971, akiwa katika gereza la Attica, aliandika waraka akisema kwamba siku zilikuwa zikimpita upesi na kwamba afya yake ilikuwa njema. Septemba ya mwaka huohuo wafungwa wakaasi, wakidai watendewe kiutu. Tarehe 13 serikali ya jimbo la New York ikalitwaa gereza kwa bunduki, wakafa kwa risasi wafungwa 29, Melville akiwa mmoja wao, na mateka 10.

Rzewski, alipousoma waraka ule jaridani baada ya mwandishi wake kuuawa, hakuutia lahani. Maneno aliyaacha yasemwe tu, sentensi nane zikirudiwarudiwa na kukazwa kadiri muziki unavyosonga, huku chini yake besi moja isiyopumzika ikienda mbio kwa noti tano, na wapigaji wengine, ambao wala idadi wala ala zao mtunzi hakuziwekea mpaka, wakichota humohumo. Ndiyo siri ya utungo huo, uitwao Coming Together: maneno ya mtu aliyetulia yamebebwa na mwendo wa mtu anayehema, na msikilizaji ayajuaye yaliyompata mwandishi hana raha mpaka mwisho.

Msomaji wa Shinyalu au Ikolomani hatastaajabu sana kwa mwendo huo. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliitia mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, nayo huenda kwa ngoma tatu zisizonyamaza, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga za chuma, harusini na matangani vilevile.

Basi walimu wetu, ikiwa jamaa zenu wamehifadhi waraka wa babu aliyekwenda vitani Burma au kazini mbali, waombeni ruhusa, msiutafutie lahani. Usomeni juu ya isukuti, na mwakani mtuletee jukwaani.