Mkabala: Kutoka Baghdad hadi Kayole
Kujumlisha sehemu za aina moja katika aljebra, yaani kukusanya 3x na 5x ziwe 8x huku 2y ikibaki kando kwa kuwa herufi yake ni nyingine, ni kazi waliyoizoea wanafunzi wa Kayole, jijini Nairobi, tangu mtaa huo ulipopanuka katika miaka ya 1980, muongo ambao mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza nchini Kenya, mwaka 1985. Kazi inayokaribiana nayo ni ya zamani zaidi: huko Baghdad, katika karne ya 9, mwanahisabati al-Khwarizmi, ambaye hakutumia herufi bali maneno tu kama "kitu", aliita al-muqabala tendo la kupunguza sehemu zinazofanana katika pande mbili za mlinganyo. Neno hilo ni ndugu wa "mkabala" wa Kiswahili, undugu ambao mwanafunzi wa Kayole hauoni kwa urahisi, kwani hisabati yake hufundishwa kwa Kiingereza.