Nani Humlipa Mwandishi? Sarafu Mtandao, Kuposti Bure na Haki ya Kuhama

Tarehe 4 Julai 2016 watu waliokuwa wakiandika katika Steemit walifungua akaunti zao wakakuta wamelipwa. Jukwaa hilo la blogu, lililoasisiwa na Ned Scott na Daniel Larimer, lilikuwa na miezi michache tu, na hayo yalikuwa malipo yake ya kwanza. Aliyesimulia safari, aliyeeleza mapishi, na aliyeandika kuisifu Steemit yenyewe (na hawa hawakuwa wachache) walipata sarafu ya steem, ambayo mwezi huohuo ilipanda sokoni ikapita dola 4. Swali likaanza kuzunguka, jepesi kueleweka na gumu kujibu: kwa nini uendelee kumwandikia Facebook bure, ilhali yaleyale ukiyaandika kwingine unalipwa?

Swali hilo linasoma ukurasa mmoja tu wa daftari. Linatazama kinachoingia mfukoni mwa mwandishi bila kuuliza kimetoka mfukoni mwa nani. Ukiuliza, utaona kwamba malipo ndiyo yaliyokuwa sehemu dhaifu kuliko zote za mradi ule. Kitu cha thamani kilichokuwamo, yaani uwezo wa waandishi kuhama pamoja na maandishi yao, hakikutiliwa maanani hadi ugomvi wa 2020 ulipozuka.

Tuanze na hiyo bure yenyewe. Mwaka 1977 Dallas Smythe, mtaalamu wa uchumi wa mawasiliano kutoka Kanada, alidai kwamba bidhaa inayouzwa na redio na televisheni ni hadhira: vipindi ni chambo, na mnunuzi ni mwenye tangazo. Mwaka 2000 Tiziana Terranova aliandika kuhusu intaneti jambo linalokaribiana na hilo, kwamba watumiaji hufanya kazi isiyo na ujira, na huifanya kwa kupenda. Meta, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, iliingiza dola bilioni 164.5 mwaka 2024, karibu zote za matangazo, huku watu wapatao bilioni 3.35 wakizitumia huduma zake kila siku. Gawanya: ni kama dola 49 kwa kila mmoja kwa mwaka mzima. Wastani huo unaficha mengi, maana tangazo linalomfikia mtu wa Chicago huuzwa kwa bei ambayo la Mwanza halioti kuifikia. Lakini hata tukiuchukua ulivyo, unawasumbua wanaodai malipo. Kampuni ingegawa mapato yake yote, isibakize senti ya kulipia umeme wa mitambo, na bado anayeposti picha za harusi asingepata cha kumwachisha kazi. Unyonyaji upo, ila umetandazwa juu ya vichwa bilioni tatu, na kila kichwa kinauhisi kama vumbi.

Sasa tuje kwa sarafu. Steem ilikuwa blokucheni, daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi, ambamo ukurasa mpya huongezwa kila baada ya sekunde 3. Kila ukurasa huja na sarafu mpya. Kwa kanuni zilizowekwa Desemba 2016, ongezeko hilo lilianzia 9.5% kwa mwaka na kushuka polepole. Robo tatu yake iliingia katika mfuko wa waandishi na wapiga kura wao, na iliyobaki ikaenda kwa walioweka akiba na kwa watunza daftari, waliochaguliwa kwa kura za wenye hisa na kuitwa mashahidi. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. YouTube inapompa mwenye video ndefu 55% ya mapato ya matangazo, fedha hiyo imetoka nje: kwa mwenye kiwanda cha sabuni anayetaka kuuza sabuni. Steem haikuwa na mwenye sabuni. Malipo yalipatikana kwa kuongeza idadi ya sarafu, kwa hiyo aliyelipa ni kila aliyekuwa na sarafu, ambayo thamani yake ilipungua kidogo, na hasa yule aliyekuja na dola zake kuinunua.

Wako waliosema huo ni upatu. Nadhani wanaukosea adabu upatu. Katika upatu wa mtaani kila mmoja hujua anatoa kiasi gani, na hujua zamu yake iko lini.

Zamu huku ilitegemea uzito. Kura ya msomaji ilipimwa kwa hisa alizofungia ndani ya mfumo, na hadi Juni 2017 malipo yalikokotolewa kwa kipeo cha pili: posti yenye kura za uzito wa 10 haikupata mara 10 ya ile yenye uzito wa 1, ilipata mara 100. Wenye hisa nyingi waliitwa nyangumi na wadogo waliitwa dagaa, majina ambayo watumiaji wenyewe waliyachagua bila aibu. Dagaa elfu moja wangeweza kuipenda insha fulani kwa dhati isipate cha kununulia bando. Nyangumi mmoja akiipitia kwa usingizi ilimtajirisha mwandishi wake. Kanuni ya kipeo ilipoondolewa, soko likabuni jingine. Mwaka huohuo yalienea maroboti ya kuuza kura: mwandishi anatanguliza sarafu zake, roboti inaipigia posti yake kura yenye hisa za kukodi, na baada ya siku 7 anapokea malipo, akiomba yazidi alichotoa. Mtu analipa ili alipwe. Ubora wa maandishi haukuhitajika hata kidogo katika biashara hiyo, na ndiyo maana waandishi wazuri niliowasoma humo walikuwa wakilalamika kuliko walivyokuwa wakiandika.

Bei nayo haikutulia. Machi 2017 steem ilikuwa chini ya senti 10. Januari 2018 ilipita dola 8. Mwaka ulipokwisha ilikuwa chini ya nusu dola, na Novemba kampuni ya Steemit ilikwishapunguza takriban 70% ya wafanyakazi wake. Posti iliyolipwa steem 100 ilikuwa mshahara wa mwezi au nauli ya daladala, kutegemea siku uliyouza. Na kuuza kwenyewe kulikuwa na hatua: steem ibadilishwe kuwa bitcoin katika soko la nje, bitcoin itafutiwe mnunuzi, mnunuzi atume M-Pesa, na katika kila kituo mtu anachukua chake. Anayeposti bure Facebook hana cha kupoteza ila muda. Mwanablogu wa sarafu aliweka muda, kisha akabebeshwa hatari ya bei ambayo kwa kawaida hubebwa na mwenye mtaji.

Hadi hapo nimeipaka Steem matope ya kutosha. Lakini lililotokea Februari 2020 linanizuia kuihukumu kirahisi. Mwezi huo Justin Sun, mwasisi wa mradi wa sarafu mtandao wa Tron, aliinunua kampuni ya Steemit, na pamoja nayo akapata fungu kubwa la steem ambalo kampuni ilijichimbia mwanzoni kabisa, kabla wengine hawajaamka, na ambalo iliahidi kutolitumia kupigia kura. Mashahidi, wakihofu kwamba mnunuzi hatafungwa na ahadi hiyo, walibadili programu ili kulizuia. Tarehe 2 Machi masoko matatu ya sarafu mtandao, Binance, Huobi na Poloniex, yalitumia steem zilizowekwa kwao na wateja kupiga kura iliyowang'oa mashahidi hao, kwa faida ya Sun. Wateja hawakuulizwa. Kwa uzito wa hisa, uchaguzi ulikuwa halali kabisa. Ndilo lililokuwa tatizo.

Walioshindwa wakahama. Tarehe 20 Machi 2020 walianzisha Hive, nakala ya daftari zima: kila posti, kila maoni, kila salio, isipokuwa fungu la kampuni na akaunti walizodai zilimuunga mkono Sun. Kuziacha nje akaunti hizo kulikuwa kisasi, na sioni haja ya kukiita jina jingine. Upande uliobaki ulilipiza: Mei mwaka huohuo, mabadiliko ya kanuni za Steem yaliwanyang'anya wapinzani steem zipatazo milioni 23.6. Hakuna malaika katika kisa hiki. Ila jaribu kukisimulia upya kwa Facebook. Kampuni inabadilisha masharti, watu laki moja wanachukia, wanaondoka. Wanaondoka na nini? Kila mmoja anaweza kupakua faili la kumbukumbu zake binafsi, lakini mazungumzo, wafuasi na mahali pa kukutania vinabaki kwa mwenye nyumba. Waandishi wa Steem walibeba kijiji pamoja na njia zake, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kwa mwandishi wa Kiswahili hili linagusa mahali panapouma. Blogu zetu za mwanzo, kama Jikomboe ya Ndesanjo Macha, ziliandikwa bila ahadi ya senti. Zilihitaji mahali pa kukaa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 zilipowataka wanablogu wawe na leseni, kwa ada zilizozidi shilingi milioni 2 pamoja na maombi, kuposti bure Facebook au Instagram kukawa njia ya mkato iliyo rahisi zaidi. Mwaka uliofuata, Novemba 2019, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kukataza biashara ya sarafu mtandao. Kenya ilichukua njia nyingine: kuanzia Septemba 2023 hadi 2025 ilitoza 3% ya thamani yote ya mali ya kidijitali inayohamishwa, iwe mhamishaji amepata faida au hasara. Mwanablogu aliyelipwa sarafu iliyoporomoka kabla hajaiuza angelipia kodi hasara yake mwenyewe.

Kwa hiyo anayeniuliza aandike wapi simwulizi kwanza atalipwa kiasi gani. Namwuliza siku mwenye jukwaa akiuza, akifunga au akifukuza watu, nini kitabaki mikononi mwake. Kwa Facebook jibu ni faili. Kwa Steem lilikuwa daftari zima, japo chini ya wenye hisa wanaoweza kugeukiana kwa usiku mmoja. Hive bado inaongeza ukurasa kila sekunde 3, na posti za 2016 zimo ndani yake, pamoja na zile ambazo hakuna nyangumi aliyewahi kuzipitia.