Miaka 25 ya Kuimba Pamoja: Historia Fupi ya Kwaya Yetu na Mji Wetu



 Kamati ya jubilei ilituomba tuandike historia ya kwaya yetu. Tulifungua madaftari ya kumbukumbu, tukianza na lile la kwanza ambalo pembe zake zimeliwa na mchwa, na pale ambapo mwandiko haukusomeka tuliwauliza waanzilishi. Tuliona kwamba historia ya kwaya haiwezi kutenganishwa na mikusanyiko ya mji huu: harusi, harambee, maombi ya wafiwa na Krismasi. Hiyo ndiyo tunayoisimulia.

Mji tulioukuta

Kabla ya ploti na maduka, Kitengela ilikuwa ranchi ya pamoja ya Wamaasai wa Kaputiei. Nyumbu na pundamilia walipita hapa wakitoka na kuingia Mbuga ya Nairobi, ambayo upande wake wa kusini haukuwa na ua. Katika miaka ya 1980 ranchi iligawanywa, kila mwanachama akapata shamba lake, na baadhi wakaanza kuuza. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya EPZ, na viwanda vikajengwa Athi River, ng'ambo ya mto. Mwezi wa Mei 2000 Marekani ilipitisha sheria ya AGOA iliyofungulia nguo zetu soko bila ushuru, na viwanda vya kushona vikazidi kuajiri. Wafanyakazi walitafuta vyumba vya bei nafuu, wakavuka mto kuja kwetu.

Kwaya yetu ilianza mwaka huohuo wa 2000, mwaka wa Jubilei Kuu. Ulikuwa mwaka mgumu. Kulikuwa na ukame, wafugaji wakaswaga ng'ombe hadi ndani ya Nairobi kutafuta majani, na umeme ulitolewa kwa mgao. Waanzilishi 14 walifanya mazoezi kwa taa ya karabai katika kanisa la mabati. Tisa kati yao walikuwa washonaji wa viwandani. Ndiyo maana daftari la kwanza linarudia sentensi moja kila mwisho wa mwezi: "Mazoezi hayakufanyika, watu wako ovataimu."

Sherehe bila ukoo

Nyumbani kwa wazazi wetu, msiba au harusi ina wenyewe. Inajulikana nani atachinja, nani atachota maji, nani atazungumza na wakwe. Kitengela haikuwa hivyo. Katika ploti moja yenye vyumba kumi, jirani wa kulia alitoka Kisii, wa kushoto Kitui, mwenye nyumba ni Mmaasai, na hakuna aliyemjua shangazi wa mwenzake. Kazi ya ukoo ikaangukia jumuiya ndogondogo na kwaya. Sisi ndio tuliopanga viti, kuosha sufuria na kuimba. Jirani akifiwa, tulikusanyika kwake kila jioni kwa maombi, tukachanga nauli, kisha tukausindikiza mwili hadi Siaya, Murang'a au Kakamega na kurudi usiku kwa zamu ya Jumatatu.

Hatutaandika mazuri tu. Kufikia mwaka wa tano tulikuwa tumejulikana, na watu wa mbali wakaanza kutulipa tuimbe katika harusi zao. Pesa hizo zilinunua kinanda na sare za kwanza. Kisha ikaja Jumamosi moja ambapo tulikuwa tumepokea malipo ya harusi, na siku hiyohiyo mwenzetu wa sauti ya pili alikuwa akiuchukua mwili wa mtoto wake mochari kwenda kumzika. Tulipiga kura. Wengi walisema pesa za watu haziwezi kurudishwa. Tulienda harusini. Yeye alisafiri na jumuiya yake, bila kwaya yake.

Wanakwaya wanne waliondoka mwezi huo, naye akiwa mmoja wao. Daftari linasema "walihama". Tunasahihisha leo: hawakuhama, tuliwaumiza. Baada ya mkutano mrefu tuliandika kanuni ambayo bado imebandikwa kwenye kabati la sare: msiba kwanza, na msiba haulipiwi. Mama yule alirudi baada ya miaka mitatu, bila kudai neno. Leo ndiye atakayekata keki.

Krismasi ya watu saba

Wakati huo kila Desemba mji ulihama. Kuanzia tarehe 20 matatu zilijaa, ploti zikafungwa kufuli, na kwaya ikabaki kwa jina. Krismasi ya 2006 tulijikuta saba, wanne kati yetu Wamaasai wa hapahapa. Hatukuwa na sauti ya nne hata moja, na nyimbo tulizozifanyia mazoezi tangu Oktoba hazikuimbika. Mwalimu alitaka ibada iende bila kwaya. Ndipo mama mmoja akaanzisha wimbo wa Kimaasai ambao haukuwa kwenye ratiba. Wazee wa nyuma, ambao kwa miaka sita walikuwa wakiketi kimya wakituangalia, wakaupokea kwa sauti nzito, na kanisa lote la mabati likatetema.

Baada ya Misa mzee mmoja alitueleza kwamba miaka yote hiyo walidhani kwaya ni ya wageni, na hawakutaka kuwaingilia wageni. Maneno hayo yalituchoma. Tulikuwa tumeimba Kiswahili, Kilatini, Kikuyu, Kikamba na Kiluo, tukidhani tumemkumbuka kila mtu. Lugha ya wenye ardhi tuliyokanyaga ndiyo iliyosahaulika. Tangu hapo hakuna sikukuu tunayoimba bila wimbo wa Kimaasai, na wazee ndio wanaotusahihisha matamshi.

Uwanja na ua

Wanakwaya wa zamani wanaukumbuka uwanja wa nyuma ya kanisa. Hapo Wamaasai walifanya sherehe zao, watoto walicheza kandanda, nasi tulifanya mazoezi jua likituama. Haukuwa wetu. Uliuzwa, ukagawanywa, na leo una ukuta wa mawe na nyumba za ghorofa. Hatumlaumu aliyeuza, kwa maana wengi wetu tunaishi katika ploti zilizouzwa vivyo hivyo. Katika sensa ya 2009 mji huu ulikuwa na watu wapatao 58,000. Katika ile ya 2019 walizidi 154,000. Lakini mji ukikua bila uwanja, watu hawana pa kukutania. Sasa harusi hufunga barabara kwa hema, na ua wa kanisa hupokea mikutano ya chama, mahafali ya chekechea na maombi ya wafiwa, wakati mwingine yote siku moja.

Mwaka 2020 hata huo ua ulifungwa. Makanisa yalipofunguliwa tena mwezi Julai, waliruhusiwa watu mia moja kwa saa moja, na waliozidi miaka 58 walitakiwa kukaa nyumbani. Waanzilishi wetu kadhaa walikuwa miongoni mwao. Tuliwaimbia kwa simu, kila mmoja akirekodi sauti yake chumbani. Na mvua za Aprili na Mei 2024 zilipofurika, wanakwaya tuliojifunza kuosha sufuria misibani tulijua la kufanya: tulipika chai na uji kwa waliolala kanisani.

Nani sasa ni mgeni?

Mwalimu wetu wa kwanza alifariki miaka michache iliyopita. Tulianza kuchanga nauli kama kawaida, mjane wake akatuzuia. Alikuwa ameacha neno kwamba azikwe katika ploti yake, hapa Kitengela. Ndugu zake walikuja wamekasirika, na tuliwaelewa. Walikaa siku mbili wakizungumza na mjane, na mwisho wakakubali. Tulimzika hatua chache kutoka mlangoni kwake, wazee wa Kimaasai wakiimba pamoja nasi. Kwa mara ya kwanza tulirudi kutoka mazishini kwa miguu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumekuwa hapa miaka 25. Krismasi iliyopita katibu alihesabu: kati ya wanakwaya 52, waliobaki Kitengela walikuwa 41.

Tunawashukuru waliotangulia, waliotufundisha solfa ubaoni, na waliotusamehe. Kwa vijana wa parokia: mazoezi ni Jumatano na Jumamosi jioni, na sauti ya nne bado ni chache. Kwa waumini wote: sadaka ya leo ni ya kukamilisha ukumbi wa parokia, ili mji uwe na mahali pa kukutania.

Mungu awabariki.

Kwa niaba ya wanakwaya wote,
Katibu wa Kwaya