Augustino Ramadhani

Augustino Stephen Lawrence Ramadhani (Kisima Majongoo, Zanzibar, 28 Desemba 1945 – Dar es Salaam, 28 Aprili 2020) alikuwa mwanasheria, mwanajeshi na kasisi wa Kanisa Anglikana nchini Tanzania. Kwa nyakati tofauti alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, Jaji Mkuu wa Tanzania na Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Nje ya mahakama alijulikana kama mchezaji wa mpira wa kikapu na mpiga kinanda.

Maisha na elimu

Alizaliwa katika familia ya walimu. Alisoma shule ya sekondari ya wavulana Tabora, kisha akahitimu shahada ya sheria Dar es Salaam mwaka 1970. Mwaka huohuo alijiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambako alifikia cheo cha Brigedia Jenerali.

Ujaji

Mwaka 1978 aliteuliwa kuwa Naibu Jaji Mkuu wa Zanzibar, na kuanzia 1980 hadi 1989 alikuwa Jaji Mkuu wa visiwa hivyo. Mwaka 1989 aliingia Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Alikuwa pia jaji wa Mahakama ya Afrika Mashariki tangu ilipoanza mwaka 2001 hadi 2007.

Mwaka 2007 alichukua nafasi ya Barnabas Samatta kama Jaji Mkuu wa Tanzania. Alistaafu mwishoni mwa 2010, akafuatiwa na Mohamed Chande Othman.

Kesi ya mgombea binafsi

Hukumu yake inayojadiliwa zaidi inahusu haki ya raia kugombea uongozi bila kupitia chama cha siasa. Vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992, Katiba ilimtaka kila mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Mchungaji Christopher Mtikila alipinga sharti hilo katika Mahakama Kuu ya Dodoma, iliyokuwa ikihudumia pia Mkoa wa Singida. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alimpa ushindi, lakini Bunge likabadilisha Katiba na sharti likabaki. Mtikila alifungua kesi nyingine, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Dar es Salaam ikamkubalia tena.

Serikali ilikata rufaa. Tarehe 17 Juni 2010 jopo la majaji saba likiongozwa na Ramadhani lilitengua ushindi huo. Mahakama ya Rufani ilisema kuwa suala la mgombea binafsi ni la kisiasa na linapaswa kuamuliwa na Bunge. Waliounga mkono hukumu hiyo waliona imelinda mipaka kati ya mihimili ya dola. Waliopinga waliona mahakama imekwepa wajibu wa kulinda haki za raia.

Mtikila alikwenda Mahakama ya Afrika, Arusha. Wakati huo Ramadhani alikuwa mmoja wa majaji wake, lakini kanuni za mahakama hiyo hazimruhusu jaji kusikiliza kesi inayoihusu nchi yake. Mwaka 2013 mahakama hiyo iliamua kuwa Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Mwaka 2012 Ramadhani aliteuliwa kuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba. Rasimu ya tume hiyo ilipendekeza mgombea binafsi aruhusiwe. Hivyo jambo ambalo mwaka 2010 alisema si la majaji kuamua lilirudi mezani kwake kama pendekezo kwa watunga Katiba. Hata hivyo, kura ya maoni kuhusu Katiba mpya iliyotarajiwa mwaka 2015 haikufanyika.

Miaka ya mwisho

Ramadhani alikuwa Rais wa Mahakama ya Afrika kuanzia 2014 hadi 2016. Mwaka 2015 aliomba kuteuliwa na Chama cha Mapinduzi kugombea urais, lakini aliyeteuliwa ni John Magufuli.

Michezo, muziki na dini

Katika ujana wake aliichezea timu ya taifa ya mpira wa kikapu. Alipenda pia muziki wa kanisani na alipiga kinanda katika ibada. Baada ya kustaafu ujaji mkuu alipewa daraja la ukasisi, akawa miongoni mwa majaji wachache waliovaa joho la mahakama, sare ya jeshi na kanzu ya altare katika maisha yao.